Mwalimu wa Upande wa Pili wa Ukuta

Nyinyi watoto mnaosoma haya, wajukuu zangu na hao rafiki zenu mnaojazana nao sebuleni kwangu na viatu miguuni, nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu mnakielewa. Mnajifanya hamkielewi mnaponijibu Kiingereza, lakini nikiuliza nani kamaliza mkate mnakielewa wote, na aliyemaliza anakielewa zaidi. Basi someni. Neno likiwashinda muulizeni mwanangu, baba yake Leila, na yeye likimshinda aje kwangu nimfundishe upya.

Nataka mumjue mwanamke wa upande wa pili wa ukuta kabla hamjazoea kumwona alivyo sasa. Jina lake mnalijua, siliandiki. Mimi nimemwita Mwalimu tangu tulipojuana na sibadilishi. Kazaliwa wapi, na nani, na katika watu wake nani alipona na nani hakupona, hayo ni yake. Muulizeni mwenyewe siku akiwa na nguvu, na akinyamaza nanyi nyamazeni. Mimi naandika nilichokiona na nilichokisikia, na kwa ukuta ule mwembamba nimesikia mengi.

Kwanza mjue kwamba Mwalimu ni mwoga. Simsengenyi, mwenyewe husema. Katika maisha yangu sijaona mtu mwenye woga kama wake, na nimeishi na watu waliokimbia vita.

Nyumba zetu hizi za Harrow, hapa London, mnazijua, zimejengwa mbilimbili, ukuta mmoja unabeba pande zote. Nilipohamia hapa nilikwenda kujitambulisha kama tunavyofanya kwetu Tanga. Nikabonyeza kengele. Kimya. Nikabisha mlango. Nikaona pazia la juu linatikisika, halafu likatulia. Nikarudi kwangu nikamwambia mwanangu, wakati huo ni kijana tu, kwamba jirani yetu ana kiburi na tusimsumbue.

Baadaye nikawa nagongelea msumari wa kutundikia saa. Mara nasikia upande wa pili, ko, ko, ko. Nikasita. Nikagonga na mimi, ko, ko, ko. Sauti ya mwanamke ikauliza kutoka ndani ya ukuta, "Wewe ni nani?"

"Jirani yako! Nimekuja kwako hukufungua!"

Hakuchukua muda alikuwa mlangoni kwangu na keki ndani ya kopo. Mdogo wa umbo, nywele amezibana kwa pini nyingi, miwani imening'inia kifuani. Hakuomba radhi. Alisema, "Ukinitaka usibishe mlango. Bisha ukuta."

"Kwa nini?"

"Anayebisha mlango anaweza kuwa yeyote. Anayebisha ukuta yumo ndani ya nyumba yake, birika lake liko jikoni. Huyo simwogopi."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Tangu hapo, kila jioni akishafunga milango yake alibisha ukuta, nami nikabisha. Maana yake ilikuwa moja tu: nipo. Miaka yote hiyo. Tukigombana tulibisha. Mume wangu alipofariki, nyumba imejaa watu wanasoma hitima, alibisha, na mimi nikatoka katikati ya wanawake nikaenda kumjibu.

Milango yake aliifunga kwa funguo, kisha komeo, kisha mnyororo, kisha alirudi kuvuta kitasa ahakikishe. Pembeni mwa mlango pana kile kijisanduku chembamba mnachokiona kwenye nyumba za Wayahudi, ndani yake mna maandiko. Alikigusa akitoka, akakigusa akiingia, na mara nyingine nilimwona anakigusa bila kutoka wala kuingia. Chini yake pana begi. Begi hilo lina soksi za sufu, sabuni, chumvi, sweta na dawa zake, na kila mwaka hubadilisha sabuni kwa sababu hupoteza harufu. Siku niliyomuuliza anasafiri lini alisema, "Natumaini sisafiri."

Akija kwangu hakukaa kiti kinachogeuzia mlango mgongo. Mbwa alivuka barabara kumkwepa, hata kale kambwa ka mwenye duka la dawa ambako hakana meno. Na mwanaume yeyote mwenye sare aliyetaka kuingia ndani mwake, ilibidi mimi niitwe. Mara moja alikuja kijana wa kusoma mita ya gesi. Ukuta ukalia ko ko ko ko, nikaenda nilivyo, na mwiko mkononi kwani nilikuwa nasonga ugali.

Yule kijana akasema, "Mama, nasoma mita tu."

"Soma," nikamwambia. "Mimi nakutazama."

Maskini, alisoma huku anautazama mwiko.

Sasa mtu huyo huyo, kila kiangazi, aliwachukua watoto wa watu akawapeleka Poland. Watoto wa Kiyahudi wa umri wenu, kumi na sita, kumi na saba, kundi zima. Walikwenda kuona miji walimokaa babu zao, masinagogi yaliyogeuzwa maghala, makaburi yasiyo na wa kuyafyekea majani, na zile kambi ambako watu wao waliuliwa. Alikuwa amestaafu shule zamani, lakini safari hiyo hakuistaafu. Akikaribia kuondoka alikonda. Nilimsikia usiku anatembea. Asubuhi moja tulikuwa tunaanika nguo, kila mmoja upande wake wa uzio, nikamwambia wazi.

"Mwalimu, unakwenda kufanya nini huko na hali yako hii?"

"Naogopa kule kuliko mahali popote."

"Basi kaa."

"Nikikaa watakwenda na mtu asiyeogopa. Atawapiga picha na kuwarudisha."

Niliendelea kuanika.

Alikuwa mwalimu wa hesabu, na hili ndilo lililonichekesha kwake kabla halijanitisha: mwalimu wa hesabu hahesabu watu. Atakuhesabia matofali, atakuhesabia nyota, lakini watu hapana. Ni desturi yao ya kale, na yeye alikuwa na sababu yake ya pili ambayo hakunieleza wala sikuiulizia, kwa sababu nilikwisha kuona mkono wa kaka yake aliyemtembelea siku moja ya joto, na namba ya kambini iliyochorwa pale. Hata kwetu ni hivyo hivyo. Mama yangu aliulizwa zahanati ana watoto wangapi, akajibu, "Wapo." Nesi akauliza tena, wangapi? "Si nimekwambia wapo?" Nilipomsimulia Mwalimu alicheka mpaka akashika uzio, na kwa muda mrefu kila nikimuuliza hali ya jamaa zake alinijibu kwa Kiswahili, "Wapo."

Lakini mtu anawezaje kuongoza watoto ugenini bila kuwahesabu? Alikuwa na njia yake. Wazee wao hutumia mstari wa sala kujua kama watu wametimia msikitini kwao, yaani sinagogi, kila mtu anasimama badala ya neno. Mwalimu aliichukua hiyo akaitia ukali wa darasani. Kila mtoto alipewa neno lake katika sala ndefu ya Kiebrania, na neno la mwisho alilichukua yeye. Kabla basi halijaondoka, kabla hawajaingia mahali na baada ya kutoka, alisema "Anzeni," na sala ikapita mdomo hadi mdomo. Ikikatika, alijua nani hayupo. Hakusema "pungufu mmoja." Alisema, "Sentensi yangu haijaisha," na hakuna mguu ulioruhusiwa kunyanyuka.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mgomvi wa mapipa ya taka. Alisahihisha Kiingereza changu mbele ya watu. Alipika vibaya, na alijua, na bado alileta. Mimi naye tulinuniana wiki nzima kwa ajili ya sufuria. Alikuwa na homa, nikaingia kumsaidia, nikampikia chai ya maziwa kama inavyotakiwa, tangawizi na kila kitu, kwenye sufuria niliyoikuta jikoni. Kumbe ile ni ya nyama. Kwao nyama na maziwa havikutani, si chunguni, si sahanini. Nilimpelekea kikombe kitandani, akanusa, akauliza nimepikia wapi. Nikamwonyesha. Akafumba macho kama mtu aliyeambiwa msiba.

"Nimeiosha kwanza!" nikasema.

"Najua umeiosha."

"Basi tatizo nini? Mimi mwenyewe sili nguruwe, najua usafi!"

Chai hakunywa, na mimi nikaondoka nimevimba. Alipopona alikuja na ile sufuria, nzuri, nzito, akaiweka mezani kwangu. "Hii sasa ni yako. Kwangu haina kazi." Ndiyo hiyo mnayolia maharage mpaka leo.

Mama yake Leila, binti wa Kiyahudi, alikuja mtaani hapa kufundishwa hesabu na Mwalimu, akapishana na mwanangu getini. Yaliyofuata mnayajua, mmoja wenu ndiye matokeo. Nilipinga, na baba yake yule binti alipinga kuliko mimi. Mwalimu alibisha ukuta akaniambia, "Wanalingana kwa ukaidi, waache." Tukawaacha. Kwa hiyo Leila ni Myahudi kwa mama yake, na ni wangu kwa baba yake, na alipotimiza kumi na sita akasema anakwenda Poland na Mwalimu.

Nilisema haendi.

Mnaniona mkali, lakini siku ile haikuwa ukali. Wakati ule mambo yalikuwa yameharibika hapa London, mnakumbuka. Wavulana wa shule yake walivaa kofia za besiboli juu ya zile kofia zao ndogo wakipanda treni. Wasichana walichomoa beji za shule wakazitia mfukoni. Ukuta wa sinagogi ulipakwa rangi maneno ambayo siyaandiki. Na upande wangu, mwanamke mwenzangu alivuliwa mtandio kituo cha basi na watu wanapita. Nikatazama mtoto wangu mmoja na hofu za pande mbili.

"Wewe ni Myahudi na wewe ni mweusi," nikamwambia. "Huko watakuona mara mbili."

"Bibi, hapa pia wananiona mara mbili," akajibu, na kwa mara ya kwanza alijibu kwa Kiswahili, ili niumie vizuri.

Nikabisha ukuta. Mwalimu akaja. Nikamwambia, "Niambie atarudi salama."

"Siwezi kukuambia hivyo."

"Basi unanishauri nini?"

"Sikushauri. Nakwambia nitaogopa kwa ajili yake toka getini mpaka getini, sitapumzika hata dakika. Ndicho nilicho nacho."

Mtu mwingine angeniambia usijali. Ningemfukuza. Huyu nilimpa mtoto.

Asubuhi ya kuondoka walikutana uwanjani mwa sinagogi. Geti la chuma, walinzi wenye vizibao vya kung'aa na redio, na mbwa mmoja mkubwa. Basi halina maandishi yoyote. Wazazi waliambiwa kuagana ndani, kwa haraka, wasisimame barabarani wakaonekana kundi. Watoto waliambiwa wasiimbe. Niliona msichana mmoja anacheka mkono mdomoni, kama kucheka nako kumekatazwa. Mimi nilivaa baibui langu na mtandio, na mlinzi kijana akanijia mbio.

"Samahani, mama, umepotea?"

"Sijapotea. Namsindikiza mjukuu."

Akatazama mtandio, akatazama lile geti. Leila akaja akasema, "Ni bibi yangu." Akaniruhusu, lakini macho yake hayakuniachia. Simlaumu. Naye alikuwa anaogopa.

Sasa sikilizeni habari ya kifurushi, kwa sababu watu wameisimulia vibaya. Kwetu, kwa mama yangu na mama yake, masurufu ya msafiri hayakabidhiwi mkononi. Unafunga kifurushi, unakiweka kizingitini, unaondoka bila kugeuka. Msafiri anakiokota mwenyewe. Ukimkabidhi mkononi umemshika, atakwenda nusu. Mwanangu alikiokota hivyo alipokwenda chuo, na kila alipokwenda mbali. Mimi nilifunga tende na karanga tupu, vitu visivyopikwa, maana somo la sufuria nilikuwa nimelipata. Nikafunga kwa kanga yangu ya mananasi. Nikambusu Leila, nikatoka, nikakiweka chini ya nguzo ya geti, nikaelekea kituo cha basi bila kugeuka. Mama yake nilimwambia, kumbe katika ile haraka hakusikia. Lakini Leila alikuwa upande wa pili anapakia mabegi na hakuona nikiweka.

Sikufika mbali. Nikasikia, "Mzigo huu wa nani? Huu wa nani?" Kisha filimbi. Kisha miguu mingi. Sikugeuka, nikajiambia hayanihusu. Kisha nikasikia mama mmoja analia kwa sauti ya juu, nikageuka, mara ya kwanza katika maisha yangu kugeuka nikiwa nimemsindikiza mtu.

Uwanja ulikuwa mtupu. Watoto wote wamesukumwa ukumbini. Kanga yangu imekaa peke yake pale kwenye nguzo, na watu wazima wanaikimbia kama bomu. Nikaanza kurudi, nikazuiwa. Nilitaka kusema ni tende, ni karanga, ni za mtoto. Kiingereza kilinikimbia chote. Miaka yote hii hapa, na neno moja halikuja. Nilisema "ni tende, ni tende" kwa Kiswahili, na kadiri nilivyosema ndivyo walivyonirudisha nyuma, mwanamke wa baibui anayepiga kelele.

Ya ndani alinisimulia mama yake Leila. Watoto wengine walikuwa wamelala chini, mvulana mmoja amejikojolea. Mwalimu alisimama ukutani akasema, "Anzeni." Wakaanza kwa sauti za kunong'ona. Neno, neno, neno. Ikafika mahali ikakatika. Neno la Leila, ambalo maana yake ni kubeba, halikusemwa. Mwalimu akangoja. Hakuna. Akasema, "Sentensi yangu haijaisha," akaenda mlangoni.

Leila alikuwa ameiona kanga dirishani. Nani mwingine pale angejua mananasi yale? Alitoka mlango wa pembeni akaifuata. Na mimi kutoka kona ya barabara nikaona nini? Nikaona mtoto wangu mweusi, kofia ya sweta kichwani, anatembea kwenye uwanja mtupu kukielekea kile kitu, na wanaume wanampigia kelele alale chini. Akasimama. Akainua mikono. Mbwa akabweka. Hapo ndipo nilipoujua woga wa Mwalimu, si kwa kuhadithiwa, ulivyokaa mwilini mwake miaka yote, kwenye komeo, kwenye mnyororo, kwenye lile begi.

Mlango wa ukumbi ukafunguka. Akatoka. Koti lake dogo la kijivu, pini zake kichwani. Mlinzi akamwambia arudi, hakurudi. Ili amfikie Leila ilimbidi apite karibu na mbwa, na alipita, nikaona anatembea ubavuubavu kama kaa, macho kwa mbwa, lakini anatembea. Akasimama mbele ya mtoto, kati yake na wale wanaume.

"Huyu ni wangu," akasema. Halafu bila kugeuza kichwa, "Leila, ile ni nini?"

"Ni masurufu. Bibi kaweka. Kwao hawampi mtu mkononi."

"Una hakika?"

"Ni kanga yake."

Mwalimu alikwenda kwenye nguzo. Aliinama polepole kwa sababu ya magoti. Akafungua fundo. Ningejua angefanya hivyo ningekufa kabla hajafika. Akatoa tende, akaifuta, akatia mdomoni, akatafuna mbele ya watu wote. Kisha akampigia kelele yule mlinzi kijana kwa sauti ya darasani, "Tende! Zina kokwa, kuwa mwangalifu!"

Walinifokea, na walikuwa na haki. Mkuu wao alisema, "Mama, tafadhali usirudie tena."

Nikamwambia, "Sirudii. Safari ijayo nitaweka ndani ya geti."

Leila akaokota kifurushi mwenyewe, kama inavyotakiwa. Watoto wakatolewa, Mwalimu akaianza sala upya tangu mwanzo, ikapita, neno la kubeba likasemwa, na yeye akaifunga na neno lake. Kisha alizunguka nyuma ya basi akatapika. Akajifuta kwa leso, akapanda.

Siku walizokuwa huko ukuta ulinyamaza. Jioni nilijikuta nimesimama karibu nao na mkono juu. Simu nilikuwa nayo, picha Leila alituma, lakini picha haina pumzi. Nilikuwa naogopa kupika, naogopa kulala, nikisikia gari linapunguza mwendo nje nakwenda dirishani. Mwanangu alisema, "Mama, umekuwa kama Mwalimu." Nikamwambia afunge mlango vizuri.

Jioni moja, nakatakata vitunguu: ko, ko, ko. Nikaangusha kisu. Nilibisha kwa viganja vyote viwili.

Leila hakusimulia mengi. Alisema kulikuwa na msitu mzuri sana, ndege wanalia, na chini ya udongo wake watu. Mwalimu alimshika mkono pale. Akamwambia, "Nishike, lakini usiwaambie wenzako ni nani anamshika nani."

Hayo yamepita. Sasa mnamwona alivyo. Kiharusi kile kidogo cha majira ya baridi, halafu kile kikubwa. Mguu haumsikilizi, na akili inaingia na kutoka. Wasichana wa kumtunza wanabadilishana. Mmoja alilitoa lile begi mlangoni akalitia kabatini, na Mwalimu akapiga kelele mpaka nikafika. Nikalirudisha.

"Atajikwaa," msichana akasema.

"Ajikwae. Liache."

Mwaka huu Leila ndiye kiongozi, pamoja na mwalimu mmoja kijana. Safari imeondoka Jumapili hii iliyopita. Alfajiri Leila alikwenda kumuaga, nami nikafuatana naye. Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake kinachotazama mlango. Siku hiyo akili ilikuwepo.

"Mlango mmefunga?" akauliza.

"Tumefunga, Mwalimu," Leila akasema.

"Neno langu utalisema wewe."

"Na la kwangu?"

"Mpe mtoto mwoga kuliko wote."

Leila akaanza kulia. Mwalimu hapendi hayo. Alimpiga kofi dogo mkononi, akasema, "Usiwaambie hakuna cha kuogopa. Watajua unawadanganya." Kisha akanigeukia mimi. Akasema kwa Kiswahili, "Wapo?"

"Wapo," nikamwambia.

Kifurushi nilikiweka kizingitini kwake safari hii. Leila akakiokota akaenda, na mimi sikugeuka.

Tangu hapo Mwalimu anabisha. Anasahau kwamba wamekwenda Poland, halafu anakumbuka, na akikumbuka anabisha. Anabisha asubuhi, anabisha mnapotazama mpira, anabisha alfajiri. Jana mwanangu aliweka kijiko chini akasema, "Mama, imezidi sasa. Niongee na wanaomtunza wasogeze kitanda chake upande mwingine?" Na nyinyi wadogo mkacheka, na mmoja wenu, ninamjua, akasema, "Bibi, anabisha tu, hataki kitu."

Anataka kitu. Ametuma watoto kule bila yeye, mmoja wao ni wangu, na sala iko mdomoni mwa mtu mwingine, na yeye hawezi kusikia kama imeisha. Mimi pia siwezi kusikia. Sisi wazee wawili tunaogopa kitu kimoja, na katikati yetu pana tofali moja na plasta.

Nilisimama mezani nikawaambia, na sasa naandika ili asiwepo wa kusema hakusikia. Kitanda chake hakisogezwi. Kabati haliwekwi kwenye ukuta ule. Akibisha, ajibiwe. Wa kujibu awe anakula, aache kula. Awe amelala, aamke. Aliye karibu na ukuta ndiye anayejibu, na hamuulizi anataka nini. Akibisha mara mia, ajibiwe mara mia, mpaka Leila aingie mlango huu aende kumjibu mwenyewe.